Jengo la mawe la 1934 hapa Nakuru limepasuka ukuta: nihame, au bado linaokoka?

MshonajiSare (Nakuru):

Hamjambo wote. Naomba ushauri wa mafundi wa kujenga, na wa yeyote anayejua habari za matetemeko, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Nina duka la kushona sare za shule katikati ya mji, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Nimekaa humo miaka 19. Jengo ni la mawe: maduka chini, vyumba juu, baraza mbele yenye nguzo nyembamba za chuma. Walilijenga Wahindi waliokuwa wakiuza nafaka. Juu kabisa upande wa barabara, pale ukuta unapopanda kulipita paa ili mabati yasionekane, wameandika mwaka kwa herufi za kuinuka: 1934. Kila Januari, wiki ya kufungua shule, akina mama na watoto hupanga foleni barazani kwangu, chini kabisa ya hiyo 1934.

Ufa unaanzia kona ya dirisha la juu na kushuka ngazi ngazi, ukifuata maungio ya mawe, hadi nyuma ya meza yangu ya kukatia. Mwaka juzi haukupitisha sindano. Sasa nikisimamisha kifungo cha shati mdomoni mwake, kinaingia na kupotelea ndani. Nikikwangua kwa ncha ya mkasi, chokaa ya katikati ya mawe inamiminika kama sukari. Nimeweka kopo la rangi chini yake, na kila Jumamosi ninamwaga unga uliokusanyika.

Nieleze jengo hili limetendewa nini, mnisaidie kuelewa. Gata ya nyuma ilikatika miaka mingi iliyopita, na tangu hapo maji ya mvua yanateremka na ukuta. Mtini umeota huko juu, mizizi yake imeingia katikati ya mawe kama vidole. Miaka mitano iliyopita mwenye jengo alivunja ukuta uliotenganisha duka la tatu na la nne ili apate vibanda kumi na vinne vya simu na viatu. Kisha Nakuru ikawa jiji, Desemba 2021, na viwanja vya mtaa wetu vikapanda bei. Jirani akabomoa lake, akachimba msingi wa jengo refu, shimo likaja hadi kwenye ukuta wetu. Lilikaa wazi mvua za masika zote. Hapo ndipo sindano ilipogeuka kifungo.

Halafu ikaja ile alasiri. Nilikuwa napiga pasi mashati meupe. Kwanza nikasikia kopo la pini linalia peke yake juu ya meza. Nikadhani ni lori la mchanga. Kisha sakafu ya mbao huko juu ikalia yote kwa pamoja, vumbi likashuka juu ya mashati, na sisi sote, mimi, msaidizi wangu na wateja watatu, tukakimbilia barazani. Ilikuwa sekunde chache tu. Tulipokuwa tumesimama pale tukishikana mikono, kipande cha simiti ukubwa wa nusu mkate kikaanguka kutoka juu, kikapasua kigae cha baraza. Kilianguka kwenye mkeka ambao binti wa msaidizi wangu huchezea akitoka shule ya chekechea. Siku hiyo alikuwa na homa, alibaki nyumbani.

Mrithi wa jengo anasema limeona makubwa kuliko haya, akichoka nalo atabomoa ajenge ghorofa sita. Wapangaji wengine wanasema majengo ya zamani yote ni makaburi, yaangushwe. Mimi nalipenda jengo hili. Saa saba mchana, mabati ya mji mzima yakiwaka, ndani mwake ni baridi kama chini ya mwembe. Watoto wangu wanne wamesomeshwa kutoka mle ndani. Lakini siwezi kuweka mtoto wa mtu chini ya jiwe kwa sababu ya mapenzi.

Maswali yangu: je, uzee wake ndio ugonjwa? Nitajuaje kama ukuta unaendelea kusogea? Na ardhi ya hapa ikitikisika kwa nguvu kweli, itakuwaje?

---

MwashiNjoro:

Dada, pole, na ahsante kwa kueleza kwa makini hivyo. Nimechonga na kujenga mawe miaka 31, nikafundishwa na baba yangu, naye alifundishwa na kalasinga mmoja hapa Njoro. Nikujibu la kwanza: hapana, uzee si ugonjwa. Kasri ya Lord Egerton iko kilomita chache kutoka kwangu, ilijengwa kuanzia 1938 hadi 1954, na mawe yake hayana shida na umri. Jengo la mawe linakufa mtu akiacha kulitunza, na mara nyingi linaanza kufa kwa gata.

Ukuta wako si jiwe moja nene kama unavyouona. Kuta nyingi za wakati ule ni kuta mbili zilizopeana mgongo, ule wa nje na ule wa ndani, na katikati wakajaza vifusi vya mawe na chokaa. Hapa na pale fundi mzuri alilaza jiwe refu linalopita toka upande mmoja hadi wa pili, ili kuta hizo mbili zishikane. Maji yakiingia miaka na miaka, chokaa ya katikati inaoshwa, vifusi vinakaa chini na kusukuma, na ngozi ya nje inaanza kuvimba. Hiyo "sukari" yako ni chokaa iliyokwisha nguvu. Na kama kuna mtu aliipaka kuta hizo plasta ya simiti kwa nje, alizidisha: chokaa inapumua, simiti inafunga maji ndani.

Lakini kilichonishtua katika maelezo yako si ufa. Ni ule ukuta uliovunjwa kati ya duka la tatu na la nne. Ukuta wa mbele hausimami peke yake, unashikwa mikono na kuta zinazokwenda nyuma. Ukiondoa mmoja, umemwachia mzee fimbo moja. Ardhi ikitikisika upande wa barabara, hana pa kushika, anaanguka kifudifudi.

Sasa fanya hivi, na vyote unavyo dukani. Chukua uzi wako imara, funga kitu kizito chenye ncha, uning'inize kutoka dirisha la juu kwa nje, siku isiyo na upepo. Hiyo ndiyo timazi. Pima umbali wa uzi hadi ukutani pale juu, kisha pima karibu na chini. Tofauti ndiyo kiasi ukuta ulichoinama. Kwenye ufa, weka alama ya penseli kila mwisho wake na uandike tarehe. Kisha tafuta kipande chembamba cha kioo, kama cha picha, ukilaze kukatiza ufa na kukigandisha ncha zote mbili kwa plasta ngumu. Kioo hakinyooki. Ukuta ukisogea kidogo tu kitakatika, na utajua siku ambayo kimekatika.

Angalia pia kama ufa ni mpana juu kuliko chini. Ukiwa mpana juu, kona inafunguka kwenda nje. Hapo usingoje kioo.

Ule mtini usiung'oe kwa kuuvuta. Ukate shina, upake dawa ya kuua mizizi, uuache ukauke. Nimeona mtu akivuta mti na kushuka na mawe kumi.

---

MwlSubukia:

Shikamoo Mzee Mwashi, na habari yako Mama. Mimi nafundisha jiografia Subukia, nijibu swali la tatu.

Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya lilitokea hapa kwetu, usiku wa tarehe 6 Januari 1928. Ukubwa wake ulikuwa 6.9. Ardhi ilipasuka kwenye mteremko wa Laikipia na Marmanet kwa karibu kilomita 38, na sehemu nyingine upande mmoja ulishuka ukaacha ngazi ndefu kuliko mtu. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu waone mteremko huo. Sasa umefunikwa na vichaka na mashamba, lakini ukisimama mahali pazuri jua likiwa limeinama, unaona vizuri jinsi nchi ilivyokatwa.

Mama, kutoka hapa hadi dukani kwako ni mwendo wa saa moja kwa matatu. Ndiyo, bonde hili linaweza kutikisika kwa nguvu, kwa sababu Bonde la Ufa bado linatanuka polepole, na Menengai mnayoiona kaskazini mwa mji ni mlima wa moto uliobomokea ndani. Mwaka 1928 wengi huku walilala kwenye nyumba za udongo na nyasi, au za mbao na mabati. Nyumba kama hizo zikiyumba, mara nyingi mtu anatoka akiwa na vumbi kichwani. Mji wa mawe na zege uliojaa watu kama Nakuru ya leo haujawahi kujaribiwa na tetemeko kama lile, na hilo ndilo linanisumbua kila nikishuka mjini.

Neno moja kuhusu udongo wenu. Sehemu kubwa ya Nakuru imekalia majivu ya volkano, mepesi, yanayobebwa na maji chini kwa chini. Ndiyo maana masika yakizidi mnasikia ardhi imetumbukia mahali. Shimo la jirani kukaa wazi msimu mzima wa mvua kwenye udongo kama huo halikuwa jambo dogo. Huenda kona yako imeshuka kabla hata ya kutikiswa.

Jambo moja limenigusa. 1934 ni miaka sita tu baada ya 1928. Waliolijenga jengo lako huenda walilisikia tetemeko lile kwa miili yao.

---

BiasharaMjini:

Mama, naheshimu wazee wa mawe, lakini mimi nasema hama na libomolewe. Nina watoto watatu. Mtaa wetu wa nyuma kuna maduka manne ya namna hiyo, ghorofa za juu hakuna anayekaa ila njiwa na vijana wa gundi, ngazi zimeoza, choo kimeziba tangu sijui lini. Tunasema ni historia, lakini anayelala chini ya historia hiyo ni maskini. Jengo jipya lina nondo na zege. Afadhali hilo.

---

MshonajiSare (Nakuru):

Ahsanteni sana. Mzee Mwashi, nilisoma jibu lako jana nikiwa dukani, nikaenda kutazama: ufa ni mpana juu. Juu kinaingia kifungo cha koti, chini kinaingia cha shati. Kesho asubuhi nitaning'iniza uzi.

Ndugu Biashara, sikukasirikii. Hao vijana wa gundi nawajua, wawili nimewahi kuwapa chai. Ila nikuulize: jengo la jirani yangu lina nondo na zege, nimeona kwa macho yangu vijana wakichanganya zege kwa maji ya mtaro na kumwaga usiku. Je, hilo ndilo nikimbilie?

---

InjiniaKisumu:

Mama, umeuliza swali ambalo nilitaka kumuuliza mwenzetu. Lile jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, halikuwa la zamani. Lilikuwa la zege, limekamilika miaka michache tu kabla, na lilianguka wakati wa mvua kubwa, wala si kwa tetemeko. Ndugu Biashara yuko sahihi kwamba maskini ndiye anayelala chini ya hatari. Lakini tarehe iliyoandikwa juu haituambii hatari iko wapi.

Mimi ni mhandisi wa majengo. Septemba 2016 nilikuwa hapa Kisumu tetemeko la Bukoba lilipotokea, tarehe 10, ukubwa 5.9. Upande wa pili wa ziwa watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Sekondari ya Ihungo, shule kongwe, iliharibika vibaya hadi ikabidi wanafunzi waondolewe. Nilizitazama picha zake kwa saa nyingi. Karibu kila picha ilisema jambo alilosema Mzee Mwashi kwa lugha ya fimbo: kuta zilizokuwa hazikufungwa pamoja juu, kila mmoja ulianguka upande wake. Na zingatia, 5.9 ni ndogo mno mbele ya ile ya Subukia. Kupanda kwa nambari moja ni nishati mara thelathini hivi.

Sasa sikiliza hili vizuri, ndilo lililonifanya nijiunge na mjadala huu. Katika majengo ya aina yako, kinachoanguka kwanza ni ule ukuta mfupi wa juu, huo wenye 1934. Haujashikwa na paa wala sakafu, umesimama tu kama kitabu kilichosimamishwa mezani. Unaanguka kwa nje, juu ya baraza. Nanyi mlikimbilia wapi? Barazani. Mji wa Christchurch, New Zealand, ulipopigwa tarehe 22 Februari 2011, watu 185 walikufa. Baadhi yao walikuwa wakipita barabarani au wameketi ndani ya basi, wakaangukiwa na kuta za mbele za maduka ya matofali, yenye umbo kama la jengo lenu la mawe. Ila waliokufa wengi zaidi, 115, walikuwa ndani ya jengo moja la zege la miaka ya themanini. Masomo yote mawili yametoka katika mji mmoja na siku moja.

Kwa hiyo ardhi ikitikisika, usikimbilie mbele. Ingieni chini ya meza yako ya kukatia, mbali na ule ukuta wenye ufa, mshike miguu ya meza hadi kutulie, ndipo mtoke kwa mlango wa nyuma mkiangalia juu. Na foleni ya wateja iondoe barazani leo, usingoje Januari.

Jengo lenyewe linaweza kuokoka. New Zealand waliweka sheria: jengo ambalo uimara wake haufiki asilimia 34 ya kinachotakiwa kwa jengo jipya libandikwe tangazo mlangoni, na mwenyewe apewe muda wa kuliimarisha au kuliondoa. Kazi yenyewe si uchawi. Ukuta wa juu unashushwa, au unafungwa kwa vyuma kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Vyuma virefu vinapitishwa kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma usawa wa sakafu ya juu na wa paa, na kwa nje vinakazwa kwa mabamba. Mkanda wa zege unazungushwa juu ya kuta zote. Na ule ukuta uliovunjwa unarudishwa, au inawekwa fremu ya chuma mahali pake. Kenya nayo si kwamba haikujua. Mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko. Uliwahusu wanaojenga upya. Majengo yaliyosimama kabla yake mara nyingi hayatazamwi hadi mpangaji kama wewe apige kelele.

Basi piga. Andika barua kwa idara ya ujenzi ya kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nakala kwa mwenye jengo. Weka picha, tarehe za penseli, na vipimo vya timazi. Taja shimo la jirani. Barua yenye vipimo ni vigumu kuiweka chini ya rundo.

---

MwashiNjoro:

Injinia amesema kweli tupu. Naongeza moja tu: wakishusha ule ukuta wa juu, wasiutupe. Kila jiwe lipewe namba kabla ya kushuka, lipangwe chini kwa utaratibu. Nimewahi kurudisha ukuta wa kanisa kwa njia hiyo, jiwe kwa jiwe, na vyuma ndani yake ambavyo havikuwepo mwanzo.

Na tusisahau Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la sultani la 1883. Hakuna tetemeko lililoipiga. Siku ya Krismasi 2020 upande mmoja ulishuka wenyewe ukaua watu wawili, mafundi wakiwa kazini kuirekebisha. Ilikuwa imechelewa kuhudumiwa.

---

MshonajiSare (Nakuru):

Narudi baada ya wiki tatu, mniwie radhi kwa kimya.

Nilining'iniza uzi, nikafunga mkasi mzito wa kukatia nguo uwe timazi. Kati ya dirisha la juu na baraza, ukuta umeinama sentimita 5 kwenda barabarani. Nilipima mara tatu, na kijana wa viatu akapima mara ya nne. Kioo niliweka Jumatatu. Siku ya tisa, nilipofungua asubuhi, kilikuwa vipande viwili. Hakukuwa na tetemeko, palikuwa na mvua tu usiku kucha.

Siku hiyohiyo nilihamisha vyerehani vyote vitatu hadi chumba cha ng'ambo ya barabara. Ni kidogo na kina joto, lakini tunashona. Barabara imetupa kitu ambacho sikutarajia: nikiinua macho kutoka kwenye mshono naliona jengo lote mbele yangu, jambo ambalo kwa miaka 19 sikuwahi kulifanya, maana nilikuwa ndani yake. Lina vigae vya samawati chini ya madirisha. Sikuwa najua.

Barua nilipeleka mwenyewe kwa mkono, nikagongewa mhuri kwenye nakala yangu. Mkaguzi amefika mara moja, akafunga baraza kwa utepe, na vibanda viwili vya mbele vikatolewa. Mrithi wa jengo alikuja akiwa na hasira, nikamwonyesha kioo kilichokatika na kile kipande cha simiti, ambacho nilikiweka. Alikishika mkononi muda mrefu. Aliniuliza kuhusu yule mtoto. Hajasema atarekebisha wala hatarekebisha, lakini amekubali ule ukuta wa juu ushushwe kabla ya mvua za vuli, na amekubali usitupwe.

Kwa hiyo Mzee Mwashi, nimepiga picha ya ukuta huo kutoka ng'ambo, nikaichapisha kubwa, na usiku nimekaa nayo mezani nikiandika namba kwa kalamu nyekundu juu ya kila jiwe. Ni mawe 43, pamoja na manne yenye tarakimu. Bado una nguvu za kupanda ngazi? Na kama huna, ni nani kati ya vijana uliowafundisha anayejua chokaa?